Wangu Hana Tabia Hiyo

Alhamisi, 26 Desemba 2024

Matembezi ya kesho yake ya Krismasi. Watu kumi na wanne, mbwa kumi na tisa. Kila mwaka tunasema tunakwenda kushusha chakula cha jana — uongo mtupu. Tunakwenda kukaguana. Nani kanenepa, nani kagombana na wakwe, nani kanunua koti jipya na mbwa wake kavalishwa la kufanana nalo.

Hapa kijijini Skelbeck jina la mtu halina kazi. Nimetembea na watu hawa kila Jumapili miaka minne, mvua na barafu, na sijui majina yao hata matatu. Kuna Mama Profesa, kahamia kutoka London. Mbwa wake ana manyoya kama zulia la bafuni, anaitwa Profesa, na ameshindwa madarasa matatu ya utiifu. Kuna Baba Biskuti, mzee mpole mwenye labrado wa kahawia, mnene, tumbo linafagia njia. Mimi ni Mama Moss. Binti yangu wa kumzaa yuko Kanada, na hakuna aliyeniita kwa jina lake hata siku moja.

Getini kwa Iveson pana kibao, kakiandika kwa mkono wake: KONDOO WANA MIMBA. FUNGA MBWA WAKO. Tukasimama. Tukasoma. Tukakubaliana kwamba ni kibao kizuri na mkulima ana haki kabisa. Halafu tukaingia na mbwa kumi na tisa, wote huru.

— Wangu hana tabia hiyo, akasema Mama Profesa.

— Wangu pia hana, wakaitikia wengine, mmoja baada ya mwingine, kama kanisani.

Dakika tatu! Profesa huyooo, nyuma ya kondoo thelathini. Matumbo yao yanayumba, wanabanana kwenye ukuta wa mawe, na mama yake anaita: "Profesa! Mpenzi! Tuliongea kuhusu hili!" Eti waliongea.

Akanigeukia: "Anataka kucheza tu."

Nikamuuliza kama kondoo nao wameambiwa hivyo. Akacheka sana, kadhani ni utani. Kisha akaniuliza kwa nini kondoo wana rangi matakoni, ni mapambo ya sikukuu? Nikamweleza kwamba dume hufungwa chaki kifuani, na kila jike anayempanda anabaki na alama, ndipo Iveson ajue nani atazaa lini. Manjano walitangulia, wakafuata wekundu. Mwanamke akaona haya mpaka masikioni. Kaishi vijijini miaka miwili, alidhani wanakondoo huletwa na posta.

Nyani haoni kundule, ndio hao. Moss sikumfunga, lakini Moss ni habari nyingine. Moss ni mbwa wa kazi. Mama yake alizaliwa banda la Iveson, na marehemu Walter wangu alimfundisha kwa filimbi tangu ana miezi sita. Huwezi kumfunga mwalimu kwa makosa ya wanafunzi.

Nikamuuliza Baba Biskuti sikio la Biskuti linaendeleaje. Linaendelea vizuri, asante. Tangu Oktoba namuuliza hilo kila Jumapili. Mtu mzuri, ila hana maneno.

Ijumaa, 27 Desemba

Ukungu na manyunyu. Nimekuta vifuko vinane vya kinyesi vimening'inia kwenye miti ya njia ya mtoni, vimefungwa fundo safi kabisa. Mtu anainama, anazoa, anafunga, halafu anatundika mtini! Anamwachia nani? Ustaarabu umeanza vizuri ukachoka katikati.

Moss kakaa dirishani mchana kutwa anaangalia malisho ya Iveson. Anakumbuka kazi yake, maskini.

Jumamosi, 28 Desemba

Leo kamati ya ukumbi inapaka mlango rangi. Kijani. Tangazo limebandikwa dukani, saa tano asubuhi, njooni na brashi zenu. Vikao vinne wamekaa kuamua rangi ya mlango mmoja, na katika kikao cha tatu mtu alilia. Sikwenda, ng'o. Ukienda kutazama tu unakabidhiwa ngazi.

Nimekula mabaki ya kitimoto cha Krismasi na kachumbari ya chupa. Moss kapewa ngozi.

Jumapili, 29 Desemba

Ukungu wa kukata kwa kisu. Tulikuwa watano tu, wengine wametoa visingizio. Kule juu, malisho ya Iveson, nilikuwa sioni gambuti zangu mwenyewe. Mbwa wakapotea mmoja mmoja, watu tukabaki tunapiga kelele ukunguni: Profesa! Biskuti! Kama mtu angepita angedhani tumerukwa na akili.

Profesa alirudi wa kwanza, tena mwoga, kajificha nyuma ya mama yake. Biskuti alipotea kama dakika kumi. Akarudi ananuka — Mungu wangu! Kajigaragaza kwenye kinyesi cha mbweha, shingo mpaka mkia, na furaha usoni kama bwana harusi. Sote tukaziba pua. Mama Profesa akaenda kutapika ukutani. Nikamwambia Baba Biskuti apite kwangu, nimpe ile shampuu ya Walter ya mbwa, amwoshe leo leo, harufu ile ikilala ndani haitoki mpaka Pasaka. Akapita, akachukua, akashukuru mara nne. Hakuingia ndani. Alikuwa na matope miguuni, alisema.

Moss ndiye aliyechelewa. Nilipiga filimbi nusu saa nzima. Alitoka ukunguni taratibu, ulimi nje, kalowa, akalala miguuni pangu na kupumua kama alivyokuwa akipumua zamani baada ya siku ya kukata manyoya. Miaka kumi, bado ana miguu ile! Nilijisikia fahari.

Nyumbani nikaona ana rangi kifuani, kwenye ule weupe. Kijani. Basi asubuhi nilipomfungulia alikwenda kujisugua kwenye mlango mpya wa kamati. Nimecheka peke yangu jikoni. Vikao vinne, na wa kwanza kuuharibu ni mbwa wangu! Nimemsugua kwa mafuta ya kupikia. Imepungua, haijaisha. Manyoya yakishuka hapaonekani kitu.

Jumatatu, 30 Desemba

Iveson kaja saa tatu asubuhi. Hakugonga, kaingia na gambuti zake mpaka jikoni. Nilisoma naye darasa moja, sijamwona na uso ule tangu alipomzika baba yake.

— Enid, usinipe chai. Nipe masikio.

Kondoo mmoja kafa. Kamkuta pembeni ya ukuta wa juu, koo limeraruliwa, na alikuwa na mimba changa. Wengine wawili wanachechemea. Ni jana, kwenye ukungu. Ni mmoja wa mbwa wetu wa matembezi, hana shaka.

Nikamwambia ni Profesa, wala asitafute mbali, nilimwona Alhamisi kwa macho yangu.

— Yule zulia? Yule hana meno ya kufanya vile. Aliyefanya anajua anachofanya. Kawatenga watatu kutoka kundini, kawabana kona.

Halafu akasema hivi, naandika alivyosema. Siku kumi zilizopita alibadilisha chaki ya dume. Kijani. Waliopata kijani ni sita tu, wale wa mwisho, na marehemu ni mmoja wao. Rangi yote mgongoni imesambaa.

— Mbwa aliyemshika ana kijani mwilini, Enid. Nitafutie mwenye kijani.

Moss alikuwa amelala kando ya jiko, kifudifudi. Iveson akainama, akamkuna nyuma ya sikio. Akasema laiti wote wangekuwa kama huyu. Akaondoka.

Ni mlango wa ukumbi. Rangi ya mlango wa ukumbi.

Jumanne, 31 Desemba

Nimekwenda ukumbini.

Mlango ni wa kahawia. Ule ule, umebambuka vile vile. Makopo mawili ya rangi yamekaa kizingitini, hayajafunguliwa, juu yake karatasi ya katibu: kazi imeahirishwa mpaka Machi, wajumbe hawajaafikiana kijani ipi.

Nilisimama pale muda mrefu. Mwenye duka akatoka kuniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia nauangalia mlango. Akasema hata yeye anapenda kijani kilichokolea.

Jioni baa ilijaa, watu wanausubiri mwaka. Mbwa chini ya meza, wenyewe juu, na kesi imeshaanza kabla sijavua koti. Kanuni ya hapa ni rahisi: mkosaji ni yule ambaye hajaja. Baba Biskuti hakuja.

Mama Profesa ndiye hakimu. Eti Biskuti alipotea, sote ni mashahidi. Eti alikimbilia upande ule ule. Na kisha — hapa akashusha sauti kwa heshima ya marehemu kondoo — kisha akaoshwa! Siku ile ile! "Nani anaosha labrado mwezi wa Desemba kama hana cha kuficha?"

— Na rangi ile ya chokoleti, huwezi kuona kijani, akadakia Baba Tyson, ambaye mbwa wake ni mdogo kuliko paka wangu wa zamani.

Wote wakatikisa vichwa. Wakasema inasikitisha. Wakasema mbwa mwenyewe hana kosa, kosa ni la malezi. Walimsikia mama yake Profesa akisema hayo na hakuna aliyepaliwa na bia.

Mimi nilikuwa nakula pai. Ningeweza kusema: mimi ndiye niliyempa shampuu, mimi ndiye niliyemwambia amwoshe, na wewe mama ulitapika ukutani kwa ile harufu. Maneno manne tu yangetosha. Nikaendelea kula pai. Haikuwa hata nzuri.

Jumatano, 1 Januari 2025

Heri ya mwaka mpya. Moss kalala juu ya miguu yangu. Sina la kuandika.

Alhamisi, 2 Januari

Iveson tena. Safari hii na karatasi.

Hataki polisi. Polisi watakuja na fomu, kesi itakwenda mpaka kondoo wazae na wajukuu zao wazae. Anataka mwenye mbwa akubali kwa hiari, ampeleke kwa daktari wa wanyama, apigwe sindano ya mwisho, yaishe. Lakini hatamwendea mtu kwa maneno ya baa. Anataka neno la mtu anayejua kondoo.

— Wale wote siwaamini hata wakiniambia saa. Wewe ni mke wa Walter. Andika ulichoona, nami nitakwenda nacho.

Nikaandika. Kwamba palikuwa na ukungu. Kwamba Biskuti alipotea kama dakika kumi. Kwamba alirudi mchafu na jioni akaoshwa. Kila neno ni kweli. Niliuliza kama niandike ni uchafu gani. Iveson akasema haina haja, uchafu ni uchafu. Sikubishana.

Palipofika mahali pa jina la mwenye mbwa, tukatazamana. Mimi simjui. Iveson hamjui. Akampigia mkewe, hamjui. Mkewe akamuuliza mwenye duka, ambaye anamuuzia mzee gazeti kila siku ya Mungu, naye akajibu: "Baba Biskuti?" Basi Iveson akaandika: mwenye labrado wa kahawia, nyumba yenye geti la bluu. Binadamu mzima, na hivyo ndivyo tunavyomjua.

Nikatia sahihi. Mwandiko ulitoka mzuri, ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 3 Januari

Nimekwenda kwenye geti la bluu. Sijui nilikwenda kufanya nini. Nilibeba keki.

Anaitwa Leonard Sugden. Kaniambia mlangoni, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeungama. Nikamwambia mimi ni Enid Calvert. Tukapeana mikono, miaka minne baadaye.

Juu ya rafu kadi kumi na moja, zote nyeupe, za rambirambi. Niliuliza, nikijua jibu. Mkewe, Jean. Novemba tarehe tisa. Walimzika Ijumaa, na Jumapili iliyofuata alikuja matembezini kama kawaida.

Naikumbuka ile Jumapili. Nilimuuliza sikio la Biskuti linaendeleaje.

— Kwa nini hukusema, Leonard?

— Hakuna aliyeuliza. Halafu nilipenda kuulizwa habari ya sikio. Sikio angalau lilikuwa linapona.

Nikamkatia keki yangu mwenyewe.

Iveson alikuwa ameshapita, jana jioni. Alimsomea niliyoandika. Leonard hakukasirika. Anasema niliandika kwa haki, ndivyo ilivyokuwa. Alimweleza Iveson habari ya mbweha, Iveson akamjibu kwamba Enid hakuandika mbweha.

— Nikafikiri labda nimekosea mimi. Wewe unajua haya mambo kuliko mimi.

Nilimwambia anaweza kukataa. Anaweza kusema wake hana tabia hiyo, kila mtu anasema hivyo! Akatikisa kichwa. Eti kwenye ukungu hakumwona dakika kumi, na hawezi kumwapia kwa dakika ambazo hakumwona. Mtu mmoja katika kijiji kizima mwenye haki ya kusema maneno yale, na ndiye pekee asiyeyasema.

Biskuti alikuwa amelala chali kwenye zulia, miguu juu, anakoroma. Jean ndiye aliyemchagua, kasema Leonard. Walikuwa watoto saba, huyu alikuwa amekalia bakuli la chakula.

Jumatatu saa nne, kwa daktari wa wanyama, mji wa sokoni. Ameniomba niende naye. Biskuti huogopa kule, ila akiwa na Moss anatulia. Nije na Moss, kama si usumbufu mkubwa.

Neno lilinifika kooni. Nikalimeza pamoja na keki. Nikasema si usumbufu hata kidogo.

Jumamosi, 4 Januari

Theluji tangu mchana. Moss kaipenda, kazunguka bustani kama mtoto wa mbwa.

Nimemkumbuka Tess, mbwa wa kwanza wa Walter, kabla hata ya mama yake Moss. Alikuwa na miaka tisa alipogeuka, akaanza kurarua kondoo. Walter alimchukua nyuma ya banda na bunduki, akarudi, akanawa, akala viazi vyake vyote, akaenda kulia zizini akidhani sisikii. Nilimuuliza siku nyingi baadaye kama Tess alijua amekosa. Akasema hapana, hilo ndilo baya lake. Mbwa wa kondoo akigeuka hajui amegeuka. Anadhani bado yuko kazini.

Na akisha kuonja haachi. Hilo pia alisema Walter, na sikumwomba aseme.

Walter hajaniachia kitu kingine kinachopumua. Nimesema. Hiki ndicho kisa chote, na ni kidogo na cha aibu: nyumba hii ikikosa sauti ya kucha zile sakafuni, nitakufa ndani yake. Leonard naye ana nyumba.

Jumapili, 5 Januari

Matembezi. Theluji ya kufika kwenye vifundo, jua, kila kitu kinang'aa. Watu kumi na wawili! Wametoka mashimoni wote.

Na mbwa wote huru. Mkosaji si kapatikana? Wamepita mbele ya kibao cha Iveson bila hata kukisoma. Mama Profesa kaja na barakoa ya sufu na huzuni ya kununua. Anachangisha kadi ya pole kwa Baba Biskuti, imechorwa malaika mwenye mkia. Sote tutie sahihi. Nikaona walivyotia: Profesa. Tyson. Pippa. Hakuna jina la mtu hata moja kwenye kadi ile! Mimi nikaandika Enid Calvert. Mama Profesa akaitazama, akaniuliza huyo ni mbwa wa nani.

Moss nilimfunga. Kamba ya Walter, haijatumika miaka.

— Kulikoni leo, Mama Moss? Yeye si mtakatifu wetu?

Nikasema mguu unamsumbua.

Kondoo walikuwa chini, wamejibanza kwenye ukuta, wa manjano, wekundu, na wale watano wa kijani juu ya theluji. Moss akawaona. Hakubweka, hakuvuta kamba. Alishuka tumbo chini, taratibu, mguu mmoja juu, kama alivyofundishwa. Nikaushika mgongo wake kumtuliza, ukawa unatetemeka wote. Nilimwita jina. Miaka kumi sijamwita mara mbili. Leo nilimwita mara sita na hakuna sikio lililogeuka.

— Tazameni, akasema Mama Profesa, anavyowapenda!

Jumatatu, 6 Januari

Saa tatu na robo. Sikulala vizuri, nimeamka nimemchana Moss. Kifua chote, kwa brashi ya chuma, manyoya upande mmoja. Doa lipo. Limefifia kama jani la mwaka jana, lakini lipo, na sasa halina pa kujificha. Sikujiuliza kwa nini namchana. Mkono ulikuwa unachana.

Leonard kafika mapema. Namwona kwa dirisha la jikoni. Amevaa tai! Kumpeleka mbwa kwa daktari, amevaa tai na koti la mazishi, viatu vinazama kwenye theluji. Biskuti kafungwa utepe mpya shingoni, kanenepa zaidi, nadhani amelishwa kila alichopenda tangu Ijumaa. Mkononi Leonard kashika chupa ya shampuu. Kanirudishia. Kaiosha hata nje.

Anasubiri getini. Hagongi. Angesubiri mpaka jioni, asisumbue.

Mara tatu nimefungua kinywa mbele ya dirisha. Sisi watu wa hapa hatuna maneno ya mambo haya. Tuna maneno ya masikio ya mbwa.

Basi nimemfungulia Moss mlango akatoka.

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji, simu pembeni. Moss kamfikia. Biskuti anazunguka, mkia unapiga geti. Leonard kainama kumkuna Moss, chini ya kidevu, anashuka kifuani. Mkono umesimama. Amevua miwani. Anaifuta theluji kwa ile tai, anaivaa tena. Anatazama.

Anatazama muda mrefu.

Sasa analaza manyoya ya Moss kwa kiganja, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Anafunika. Anahakikisha pamefunikika. Kasimama, kainua uso dirishani, na sauti yake ni ile ile ya Jumapili zote:

— Barabara imeganda, Mama Moss. Tutangulie mapema.

Ananiachia! Mzee huyu mjinga, na tai yake, ananiachia mbwa wangu kwa adabu.

Nimepiga kwa Iveson. Inaita. Atakuwa nje anawapelekea majani makavu. Inaita. Leonard kafungua mlango wa gari langu, Moss karuka ndani wa kwanza, kakaa kiti cha mbele, pa Walter. Inaita. Nikikata sasa hakuna atakayejua, saa saba nitakuwa nimerudi, nitawasha jiko, kucha zitapita sakafuni. Inaita bado. Biskuti hawezi kupanda, Leonard anamsukuma kwa nyuma kwa mikono miwili na kumwomba radhi.

Imepokelewa. Upepo, kondoo, na pumzi ya Iveson.

— Enid? Sema.